Kupima mafuta ya karafuu dhidi ya Candida: mwongozo kamili, kutoka makonyo hadi kisima cha mwisho

Mafuta ya karafuu yanaua fangasi wa Candida. Hilo halina ubishi. Mwanafunzi yeyote mwenye sahani ya agari, ile jeli ya kuoteshea vijidudu, na kipande cha karatasi ya chujio ataliona mwenyewe asubuhi ya pili: duara safi katikati ya zulia la fangasi. Wengi huishia hapo. Wanapiga picha ya duara, wanaandika kwamba mmea umethibitishwa kuwa dawa, na miezi michache baadaye kuna mtu mtaani anauza kichupa.

Lakini lile duara halisemi ni kiasi gani cha mafuta kimefanya kazi, wala kimempiga fangasi mahali gani. Halisemi pia kama seli za binadamu zingepona kipigo hichohicho. Mwongozo huu ni wa anayetaka majibu hayo: mwanafunzi wa chuo, fundi wa maabara, au mtafiti anayeanza. Nimechagua karafuu kwa sababu ndiyo ninayoijua kwa mikono, na kwa sababu Pemba haiitupi hata sehemu moja ya mmea huo. Karafuu zenyewe zinaanikwa na kuuzwa, na makonyo, yaani vikonyo vyake, yanapelekwa kiwandani Wawi kukamuliwa mafuta. Njia ni ileile kwa mchaichai, mdalasini au mrehani.

Mjue kwanza unayempiga

Candida albicans ni ndugu wa mbali wa hamira ya maandazi. Wote ni kuvu wa seli moja, wote huongezeka kwa kuchipua. Tofauti ni kwamba Candida amezoea kuishi ndani yetu: mdomoni, tumboni, ukeni. Kwa kawaida hana madhara. Akipata nafasi, baada ya antibayotiki, kwenye kisukari kisichodhibitiwa, au kinga ikishuka, ndipo tunapoona utando mweupe mdomoni na muwasho ukeni. Akiingia kwenye damu ya mgonjwa aliyelazwa, anaweza kuua. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya kuvu hatari zaidi, na Candida albicans aliwekwa kundi la juu kabisa, pamoja na Candida auris, aliyeelezwa mara ya kwanza mwaka 2009 kutoka sikioni mwa mgonjwa huko Japani.

Shida ya kumtibu ni undugu. Seli ya kuvu inafanana na yetu kuliko ya bakteria inavyofanana na yetu, kwa hiyo sumu inayomuua yeye mara nyingi hutuumiza na sisi. Dawa nzuri ni ile inayopiga kitu alicho nacho yeye tu, na vitu hivyo ni vichache. Kuna ukuta wa nje, uliosukwa kwa glukani, mannani na kaitini, ambao sisi hatuna. Halafu kuna ergosteroli, mafuta yanayokaza utando wa seli yake mahali ambapo sisi tunatumia kolesteroli. Nistatini, dawa ya fangasi waliyoigundua Elizabeth Hazen na Rachel Brown huko New York mwaka 1950, huishika ergosteroli moja kwa moja. Flukonazoli, dawa nyingine ya fangasi, humzuia asiitengeneze.

Kemikali za mimea hupiga wapi

Mafuta ya karafuu ni yujenoli kwa sehemu kubwa, kwa kawaida asilimia 70 hadi 90, kisha asetati ya yujenoli na kariofilini. Yujenoli ni molekuli ndogo yenye upande unaopenda mafuta na kundi la fenoli. Umbo hilo linaipa njia ya kujipenyeza kwenye utando wa seli, kati ya mafuta na mafuta. Utando unalegea, potasiamu inatoka, protini zilizopachikwa humo zinaacha kufanya kazi. Thimoli na kavakroli, zilizomo kwenye zaatari na oregano, zinafanya hivyohivyo, na kavakroli hasa huvuruga mpangilio wa ioni, kalsiamu ikiwemo.

Si kemikali zote za mimea zinapita njia hiyo. Alisini ya kitunguu saumu hushambulia protini zenye salfa, vimeng'enya vingi kwa wakati mmoja. Sinamaldehidi ya mdalasini huhusishwa zaidi na ukuta wa seli. Ndiyo maana "dawa ya mitishamba ya fangasi" ni jina lisilosema kitu. Ni sawa na kusema "chombo cha usafiri".

Kuna jambo jingine, nalo kwa maoni yangu ndilo la maana zaidi kwa yujenoli. Candida hubadilika umbo. Akiwa na umbo la duara huchipua tu. Akitaka kupenya ngozi laini hutoa nyuzi ndefu, na nyuzi hizo ndizo zinazomsaidia kujenga bayofilamu, ule utelezi mgumu kwenye meno bandia na kwenye mirija ya hospitali. Yujenoli huzuia nyuzi hizo hata kwa viwango vilivyo chini ya vile vinavyozuia ukuaji. Anayetafuta lile duara safi kwenye agari peke yake hawezi kuliona hilo.

Hatua ya 1: hakikisha mafuta ni mafuta

Ukiweza, kamua mwenyewe kwa mtungi wa Clevenger, chombo cha kioo kinachotenga mafuta na maji ya mvuke. Gramu 100 za karafuu kavu, zilizotwangwa muda huohuo, hutoa takriban mililita 15 baada ya saa kadhaa za kuchemsha. Makonyo hutoa kidogo zaidi ya theluthi ya hicho. Angalia aina ya mtungi: mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, yanazama, na mtungi uliotengenezwa kwa mafuta yanayoelea utakurudishia mafuta yako kwenye chungu huku ukishangaa mbona hayaji.

Ukinunua, andika sehemu ya mmea iliyotumika (karafuu, makonyo au majani), kwa sababu uwiano wa kemikali hutofautiana. Kabla ya kupeleka sampuli kwenye mashine ya GC-MS, inayotenganisha kemikali na kuzitambua, fanya jaribio la bure: dondosha tone kwenye maji. Linapaswa kuzama. Dondosha jingine kwenye karatasi nyeupe uiache siku moja au mbili. Mafuta ya kupikia yaliyochanganywa humo huacha doa la grisi lisiloondoka. Hifadhi kwenye kichupa cha kioo cheusi, ndani ya friji, kimejaa hadi shingoni. Plastiki nyepesi huliwa na yujenoli.

Hatua ya 2: andaa fangasi

Kama hujawahi kufanya kazi hii, fanya zoezi zima mara moja kwa hamira ya dukani. Ina ergosteroli pia, haimdhuru mtu, na makosa yako yote ya pipeti yataonekana. Kwa Candida mwenyewe unahitaji kabati la usalama wa kibayolojia, koti, glavu, na mtu aliyekwisha kufundishwa. Ukitumia sampuli za wagonjwa, kibali cha kamati ya maadili hutangulia kila kitu.

Chukua aina zinazojulikana, zenye namba za hifadhi ya vijidudu ya ATCC: C. albicans ATCC 90028, na kwa kudhibiti ubora C. parapsilosis ATCC 22019. Waoteshe kwenye agari ya Sabouraud, nyuzi joto 35, saa 24. Rudia mara moja ili wachangamke.

Gusa koloni tano, uzikoroge kwenye maji ya chumvi ya asilimia 0.85 hadi ukungu wake ulingane na kipimo cha McFarland 0.5. Hapo una seli milioni 1 hadi 5 kwa mililita. Punguza mara 50 kwa maji hayohayo, kisha mara 20 kwa mchuzi wa lishe wa RPMI 1640 uliotulizwa kwa MOPS, kemikali ya kushikilia pH, kwenye pH 7.0. Sasa una 1,000 hadi 5,000 kwa mililita, na ukichanganya nusu kwa nusu na dawa itabaki 500 hadi 2,500. Usikadirie kwa macho. Nimeona watu wakipata matokeo mazuri ajabu kwa sababu tu waliweka fangasi wachache mno.

Hatua ya 3: yeyusha mafuta

Maji na mafuta havipatani, na hapa ndipo tafiti nyingi za mimea huharibika. Pima kwa mizani miligramu 102.4 za mafuta, usipime kwa pipeti, kwa sababu mafuta hugandamana na ncha yake. Ongeza DMSO, kiyeyushi kinachopatana na mafuta na maji, hadi mililita 1. Chukua mikrolita 20 za mchanganyiko huo, utie kwenye mikrolita 980 za RPMI, ukoroge kwa nguvu. Umepata mikrogramu 2,048 kwa mililita.

Kwa nini nisianze juu zaidi? Kwa sababu yujenoli yenyewe huyeyuka kwenye maji kwa gramu mbili na ushei tu kwa lita. Ukipita hapo unapima matone yanayoelea, na kila pipeti itachukua kiasi tofauti. Pia DMSO haipaswi kuzidi asilimia 1 kwenye kisima cha mwisho, yaani kishimo cha sahani ya kupimia. Ikizidi, inaanza kumuumiza fangasi yenyewe. Ukilazimika kutumia Tween 80, aina ya sabuni ya kuchanganya mafuta na maji, itumie kidogo sana na uiwekee kisima chake cha kulinganisha, maana inaweza kuficha nguvu ya mafuta kwa kuyafunga ndani ya matone yake.

Hatua ya 4: panga sahani ya visima 96

Tia mikrolita 100 za RPMI tupu kwenye safu ya 2 hadi ya 11, na mikrolita 200 kwenye safu ya 12. Safu ya 1 weka mikrolita 200 za mafuta yaliyoyeyushwa. Hamisha mikrolita 100 kutoka ya 1 kwenda ya 2, changanya, endelea hadi ya 10, na za mwisho umwage. Ongeza mikrolita 100 za fangasi kwenye safu ya 1 hadi 11. Una viwango kumi, kutoka 1,024 hadi 2. Safu ya 11 ni fangasi bila dawa, ya 12 ni mchuzi mtupu. Kwenye sahani ya pembeni weka visima vya DMSO na fangasi, na visima vya mafuta bila fangasi. Umuhimu wa hivi vya mwisho utauona kwenye kusoma.

Sasa onyo lililonigharimu wiki tatu. Mafuta ya mimea huruka. Mara yangu ya kwanza niliweka flukonazoli kwenye mstari uliopakana na mafuta ya karafuu, sahani moja, kifuniko cha kawaida. Asubuhi flukonazoli ilionekana imemuua fangasi kwa kiwango cha ajabu, nami nikaanza kuandika kichwa cha habari akilini. Fangasi wa kudhibiti ubora ndiye aliyenitoa usingizini: hata yeye alikuwa amezimika kwa kiwango kilicho chini ya mpaka wake unaojulikana. Mvuke wa karafuu ulikuwa umevuka ukuta wa kisima na kumpiga jirani. Tangu hapo dawa za kulinganisha hukaa sahani yake, sahani ya mafuta hufungwa kwa plastiki ya kunata, na haikai rafu moja na nyingine kwenye inkubeta.

Mvuke huohuo ndio unaoharibu jaribio la duara. Sehemu ya mafuta hupaa, sehemu hukwama kwenye karatasi kwa kuwa haipendi maji ya agari. Ukubwa wa duara la mafuta haulinganishwi na la flukonazoli, hata kama jedwali lako linawaweka bega kwa bega. Mimi hutumia duara kwa kuchuja tu: nina mimea ishirini, ipi niiendeleze?

Hatua ya 5: soma

Baada ya saa 24 kwenye nyuzi 35, angalia safu ya 11 na 12 kwanza. Ya 11 isipokuwa na ukungu, au ya 12 ikiwa nao, tupa sahani. Kisha tafuta kisima chenye mafuta kidogo zaidi kisicho na fangasi. Hicho ndicho kiwango cha chini cha kuzuia, MIC.

Mafuta yakiwa yametia ukungu visimani, dondosha resazurini kidogo usubiri saa chache: bluu ni kimya, waridi ni uhai. Hapo ndipo visima vya mafuta bila fangasi vinapohitajika. Fenoli za mimea zinaweza kubadilisha rangi za aina hii zenyewe, bila kiumbe hai ndani. Kama kisima kisicho na fangasi kimegeuka waridi, rangi hiyo haikusaidii. Nenda kwenye kuhesabu koloni.

Rudia siku tatu tofauti. Visima vitatu vya siku moja ni kipimo kimoja.

Na sasa linganisha kwa moyo mgumu. Kwa karafuu utaona MIC ya mamia ya mikrogramu kwa mililita, pengine hata 1,024. C. albicans anahesabiwa kuwa anasikia flukonazoli akizuiwa kwa mikrogramu 2 au chini. Yaani yujenoli inahitaji mara mia na zaidi. Haina maana kwamba haifai, ila inakuambia kwamba kidonge cha karafuu hakitafikisha kiwango hicho kwenye damu, na kwamba matumizi ya kufikiria ni ya juu ya ngozi, mdomoni au kwenye vifaa.

Hatua ya 6: ameuawa au amelala?

Kutoka kila kisima kilicho safi chukua mikrolita 10, uweke kwenye agari ya Sabouraud bila dawa. Kiwango cha kwanza ambacho hakioti kitu ni kiwango cha kuua. Kikiwa si zaidi ya mara nne ya MIC, tunasema kemikali inaua. Yujenoli kwa kawaida huangukia huku, tofauti na flukonazoli ambayo kwa Candida huzuia tu. Hapa mmea una la kujivunia.

Hatua ya 7: tafuta mahali alipopigwa

Hii ndiyo sehemu niipendayo, na haihitaji mashine za gharama.

Anza na ukuta. Rudia sahani nzima ukiwa umeongeza sobitoli ya molari 0.8 kwenye mchuzi. Sobitoli hushikilia seli isipasuke hata ukuta ukiwa umetoboka. MIC ikipanda sana ukilinganisha na sahani isiyo na sobitoli, ukuta ndio ulioguswa. Soma siku ya pili na tena siku ya saba. Weka kaspofungini kama mfano wa dawa ya ukutani. Isipopanda hiyo, jaribio lako halikufanya kazi.

Kisha ergosteroli. Ongeza ergosteroli ya nje kwenye mchuzi, kwa mfano mikrogramu 50 hadi 250 kwa mililita. Kama kemikali inaishika ergosteroli moja kwa moja, itanaswa na hii ya nje, na MIC itapanda. Nistatini itapanda vizuri, ndiyo mfano wako. Yujenoli ikipanda kidogo au isipande, usikate tamaa: kuchana utando na kushika ergosteroli ni mambo mawili.

Halafu kuvuja. Weka seli nyingi na mafuta kwa saa moja au mbili, zizungushe kwenye sentrifuji, upime maji ya juu kwa mwanga wa nanomita 260, mahali vipande vya DNA na RNA vinapoonekana. Utando uliopasuka huvuja. Mtego ni kwamba yujenoli nayo hunyonya mwanga wa eneo hilo, kilele chake kikiwa karibu na 280. Bila kutoa namba ya mafuta peke yake, utaripoti rangi ya karafuu ukidhani ni roho ya Candida. Kwa uhakika zaidi tumia rangi ya propidiamu, inayoingia tu kwenye seli zilizotoboka, kama hadubini ya mng'aro ipo.

Mwisho, nyuzi. Weka seli kwenye seramu, yaani maji ya damu yasiyo na chembe, nyuzi joto 37, kwa saa 2 hadi 3, pamoja na robo na nusu ya MIC. Hesabu seli 200 kwa hadubini: ngapi zimetoa mkia? Ni jaribio la saa tatu na senti chache, na nashangaa jinsi linavyorukwa.

Hatua ya 8: mpe mwenzi

Kwa kuwa karafuu peke yake inahitaji kiasi kikubwa, swali la busara ni kama inaweza kupunguza kiasi cha flukonazoli. Panga mafuta kwa safu na flukonazoli kwa mistari, kila kisima mchanganyiko wake. Gawanya MIC ya kila moja ikiwa kwenye mchanganyiko kwa MIC yake ikiwa peke yake, kisha jumlisha. Jibu likiwa 0.5 au chini, zinasaidiana. Likizidi 4, zinapingana. Katikati hakuna kitu cha kutangaza. Tahadhari ya mvuke hapa haina tiba kamili, kwa hiyo funga kila safu kwa plastiki yake, na ukipata 0.5 kamili rudia kabla ya kumwambia mtu.

Hatua ya 9: seli za mtu

Osha chembe nyekundu za damu (za kondoo zinatosha kuanzia), ziweke na viwango vilevile vya mafuta kwa saa moja, nyuzi 37, kisha pima wekundu uliotoka kwenye nanomita 540. Utando wa chembe nyekundu una kolesteroli, na yujenoli haichagui sana kati ya mafuta na mafuta. Kama kiwango kinachopasua nusu ya chembe kiko karibu na MIC yako, umepima kitu kinachochoma kila chenye utando.

Kwa sababu hiyohiyo, anayekuuliza kama ajipake mafuta haya ukeni au amdondoshee mtoto mdomoni mjibu hapana, umwelekeze zahanati. Yujenoli isiyozimuliwa huunguza ngozi laini, na visa vya watoto wadogo walioumia ini baada ya kunywa mafuta ya karafuu vimeandikwa hospitalini. Muwasho ukeni si lazima uwe Candida, na utando mdomoni mwa mtu mzima mara nyingine ndiyo dalili ya kwanza ya kisukari au VVU.

Daftari na ndoo

Kwenye ripoti andika sehemu ya mmea na mahali ilipotoka, asilimia ya yujenoli kwa GC-MS, namba za fangasi, idadi ya seli ulizohesabu kweli, asilimia ya DMSO, jinsi ulivyofunga sahani, na matokeo ya fangasi wa kudhibiti ubora kwa kila siku. Andika MIC kwa mikrogramu kwa mililita. Atakayekuja baada yako hawezi kulinganisha "asilimia 0.1 ya mafuta" na kitu chochote.

Sahani zote zichemshwe kwenye otoklevu, nyuzi 121, kabla ya kutupwa, mlango wa chumba ukiwa wazi na feni ikiwaka. Harufu ya karafuu zilizochemshwa na agari haitoki kwenye koti hata ufue mara tatu.